Dohani Zikizimwa, Kiwanja Ni cha Nani?

(Hotuba ya halmashauri ya tawi iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama. Imepigwa chapa hapa kwa ajili ya ndugu waliokuwa zamu siku ile.)

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wanachama, na akina mama wa langoni ambao leo tumewaomba mketi pamoja nasi,

Tulipobandika tangazo kwamba leo tutazungumza juu ya mitambo ya stima iliyokuwa ikichoma makaa ya mawe, na jinsi viwanja vyake vilivyotumiwa baada ya kufungwa, ndugu mmoja alituuliza kama halmashauri imeishiwa na mambo. Kenya hatuna mtambo wa makaa hata mmoja. Ule uliotakiwa kujengwa Kwasasi, Lamu, wa megawati 1,050, ulizuiwa mwaka 2019, wakati Baraza la kuamua mashauri ya mazingira lilipoifuta ruhusa yake. Basi makaa yatuhusu nini?

Yatuhusu hivi. Stima nyingi ya nchi hii hutoka katika mvuke wa ardhini huko Olkaria, katika maji ya Mto Tana, katika upepo na jua. Mitambo ya mafuta tunayoitunza sisi huitwa kazini hasa jioni, watu wanapowasha taa, au mvua inapokosa na mabwawa yakapungua. Serikali imekwisha kusema kwamba inataka kuachana na mafuta. Sisi hatulii juu ya hilo. Mafuta ni ghali, na moshi wake tumeuvuta wenyewe kuliko mtu mwingine yeyote. Lakini mtambo ukifungwa hubaki watu, na hubaki kiwanja. Nchi za makaa zimetutangulia katika njia hiyo, na yaliyowapata yanafaa kusikilizwa mapema.

Kufungiwa kazi si jambo geni kwetu. Wazee waliomo humu wakumbuka kiwanda kimoja, hatutaji jina, kilichofungwa siku ya Jumatatu. Watu wa zamu ya asubuhi walikuta karatasi imebandikwa langoni. Wale walioandikwa kazi kwa barua walilipwa haki yao baada ya kuhangaika miezi kadhaa. Vibarua waliambiwa waende kwa mkandarasi, na mkandarasi akawaambia warudi kiwandani. Mama aliyekuwa akiuza maharagwe na chapati pale nje aliendelea kupika siku tatu akidhani watu watarudi. Kiwanja kikamea magugu, kisha kikazungushiwa ukuta, kisha kikawa maghala ya mtu. Hakuna hata mmoja wetu aliyeulizwa neno.

Sasa twendeni Afrika ya Kusini, katika jimbo la Mpumalanga, mahali paitwapo Komati. Pale shirika la stima la nchi ile, Eskom, lilikuwa na mtambo wa makaa. Mashine yake ya kwanza iliwashwa mwaka 1961, na ya tisa mwaka 1966, na zote pamoja zilikuwa na nguvu ya megawati 1,000. Mwaka 1990 mtambo ulisimamishwa. Baadaye nchi ilipoanza kukosa stima ukaamshwa tena. Kando yake kuna kijiji kilichojengwa kwa ajili ya wafanyi kazi, na katika nchi ile ya jirani migodi ya makaa ndiyo iliyokuwa ikiwapa watu mkate. Tarehe 31 Oktoba 2022 mashine ya mwisho, iliyokuwa ikitoa kama megawati 121 tu, ilizimwa.

Msidhani walizima bila mpango. Mpango ulikuwepo, tena mzuri. Mwezi uliofuata Benki ya Dunia ilikubali kutoa dola milioni 497, sehemu kubwa ikiwa ni mkopo, ili mtambo uvunjwe na kiwanja kipewe kazi nyingine. Pangewekwa vioo vya jua vya megawati 150, mitambo ya upepo ya megawati 70, na betri za megawati 150 za kuweka stima ya akiba. Mashine za zamani zingegeuzwa zizunguke bila kuchoma kitu, kazi yake ikiwa ni kutuliza nguvu katika nyaya. Tena palikuwa na chuo cha kuwafundisha mafundi kazi ya jua na upepo, karakana ya kuunda mitambo midogo ya jua ndani ya makontena, na bustani ambamo mboga na samaki hufugwa pamoja kwa maji yale yale. Ukiusoma mpango huo katika karatasi waona hakuna kilichosahauliwa.

Kilichosahauliwa kilikuwa siku. Mtambo ulizimwa Oktoba, na vioo vya jua havikuwepo. Kazi ya zamani ilikwisha leo, kazi mpya ikaahidiwa kesho, na kati ya leo na kesho watoto hula. Waliokuwa wameandikwa na Eskom wenyewe hawakutupwa; wengi walihamishiwa mitambo mingine ya shirika hilo. Ni jambo jema, na ndugu zetu wa huko walilipigania. Lakini mtambo wa makaa, kama mtambo wetu, hauendeshwi na walioandikwa peke yao. Kuna wafagiaji, kuna wachomeleaji wanaoitwa wakati wa matengenezo makubwa, kuna madereva wa malori, kuna walinzi na wapishi. Hao walikuwa watu wa makandarasi. Mkataba wa mkandarasi ulipokwisha, na wao walikwisha. Na aliyehamishwa aliondoka na mshahara wake: chumba alichokuwa akipanga kikabaki kitupu, na duka alilokuwa akikopa unga likapoteza mteja.

Tume ya Rais wa nchi ile inayoshughulikia mambo ya hali ya hewa ilisikiliza watu wa Komati, na mwaka 2023 ikatoa taarifa yake. Iliona kwamba watu hawakushirikishwa vya kutosha, na kwamba njia mpya za kupata riziki hazikuwa tayari wakati zile za zamani zilipofungwa. Vyama vikubwa vya wafanyi kazi, NUM na NUMSA, vilikuwa vimelalamika juu ya mambo hayo hayo. Hatusemi haya ili tuwacheke ndugu zetu wa kusini. Komati ulikuwa mtambo wa kwanza kupitishwa katika njia hiyo kwao, na wa kwanza ndiye anayekanyaga miiba. Tena kazi inaendelea pale, vijana wamefundishwa, na huenda kiwanja kile kikaja kuwa cha faida. Lakini mtu aliyekuwa akifagia majivu mwaka 2022 hakuweza kungoja miaka minne ndipo anunue sukari.

Hapa twataka kusema kidogo juu ya kiwanja chenyewe, maana baadhi yetu tunadhani mtambo ukivunjwa hubaki udongo mweusi tu usiofaa kitu. Si kweli. Jiulizeni kwa nini benki itake kuweka vioo vya jua mahali palipojaa majivu, na hali jua liko kila mahali Afrika ya Kusini. Sababu ni nyaya. Stima haibebwi kwa gunia. Kupeleka nguvu nyingi kwa miji yataka milingoti mikubwa ya chuma, transfoma, na ruhusa ya kupita juu ya mashamba ya watu, na mambo hayo huchukua miaka na fedha nyingi. Mtambo wa zamani unavyo vyote hivyo tayari. Boila likizimwa, ile njia ya nyaya haifi. Hubaki pale kama barabara isiyo na magari, yangoja mtu wa kuitumia. Kadhalika pana maji, pana barabara nzuri, pengine pana reli, na pana nyumba. Tajiri mwenye akili ayajua hayo kabla yetu. Ndiyo maana twawaambia: akija mtu kuwaambia kwamba kiwanja cha mtambo uliofungwa hakina thamani, mwulizeni kwanza juu ya nyaya.

Jambo la pili ni uchafu. Mtambo wa makaa huacha milima ya majivu, na katika majivu hayo mna risasi, zebaki na sumu nyingine zinazoweza kushuka katika maji ya kunywa. Majengo ya zamani yalifungwa asibesto katika mabomba, na vumbi lake huua mapafu ya mtu polepole, baada ya miaka mingi. Mitambo yetu ya mafuta haina majivu hayo, lakini tunayajua matangi yetu na mitaro yetu, na tunajua mahali ambapo udongo umekunywa mafuta miaka nenda miaka rudi. Kabla kiwanja hakijapewa kazi mpya hapana budi kisafishwe, na kusafisha ni kazi ya mikono. Nani atapewa kazi hiyo? Mgeni aliyeletwa na mkandarasi kutoka mbali, au yule anayejua kila bomba lilipopita? Na atapewa nini cha kujikinga, au atapewa kitambaa tu ajifunge puani?

Tuvuke bahari sasa, twende Marekani, mji wa Tonawanda, jirani na Buffalo katika jimbo la New York. Kando ya mto Niagara palikuwa na mtambo wa makaa ulioitwa Huntley. Ulianza kazi mwaka 1916, ukafungwa Machi mwaka 2016, karne nzima. Twautaja kwa sababu watu wa pale walifanya jambo ambalo watu wa Komati hawakupata nafasi ya kulifanya: walianza mapema.

Makaa yalikuwa yameanza kushindwa na bei ya gesi. Mtambo ukawa hufanya kazi kidogo kila mwaka, na kodi yake kwa mji ikashuka. Katika Marekani shule hutegemea sana kodi ya majengo na mali iliyo katika mji, kwa hiyo mtambo ulipopunguza kodi, na jimbo nalo likapunguza msaada wake, shule tatu zilifungwa na walimu kama 140 wakapoteza kazi. Mtambo ulikuwa bado wafuka moshi! Hapo walimu wakaelewa kwamba ugonjwa wa boila ni ugonjwa wao pia.

Watu waliokusanyika walikuwa wa namna tatu, na kwa kawaida hawapatani. Kulikuwa na chama cha raia wanaopigania hewa safi, ambao jirani zao walikuwa wakiugua kwa moshi wa viwanda. Kulikuwa na muungano wa vyama vya wafanyi kazi vya upande ule wa jimbo. Na kulikuwa na chama cha walimu. Mtu wa hewa safi na mtu wa boila kuketi meza moja si kitu chepesi. Kila mmoja humwona mwenzake kuwa ndiye atakayemnyima riziki au pumzi. Lakini waliketi. Na neno la kwanza walilofanya, ambalo twalisifu kuliko yote, lilikuwa kutafuta hesabu. Waliwapata wajuzi wa fedha wakazipitia habari za mtambo, na mwanzoni mwa mwaka 2014 ikatoka taarifa kwamba mtambo ulikuwa ukipata hasara na hautadumu. Kampuni ilikuja kutangaza habari za kufunga mwaka 2015. Maana yake raia na wafanyi kazi walijua zaidi ya mwaka mmoja mbele.

Mwaka mmoja ni mali. Waliutumia kwenda makao ya serikali ya jimbo kudai fedha za kuziba pengo la kodi, si kwa Tonawanda peke yake, bali kwa kila mji ambao mtambo wake unafungwa. Mwaka 2016 jimbo likaweka mfuko, ulioanza na dola milioni 30, wa kuulipa mji sehemu ya kodi iliyopotea, sehemu kubwa mwaka wa kwanza na kidogo kidogo miaka inayofuata, ili mji usianguke kwa kishindo. Wakati huo huo walifanya mikutano ya watu wa mji kuuliza: pale mtoni mwataka nini? Mpango wa mji ulitolewa mwaka 2017, na watu zaidi ya 1,000 walikuwa wametia neno lao ndani yake.

Tusidanganyane. Kiwanja cha Huntley chenyewe hakikugeuka bustani siku ya pili. Kilikuwa mali ya kampuni, na jengo lilibaki limesimama mtoni miaka kadhaa baada ya kuzimwa. Mpango wa watu haufungui kufuli la mwenye mali. Lakini shule hazikufa, na wale watu walikuwa na kitu mkononi.

Mtu atasema: mbona hamtaji Battersea ya London, jengo zuri lenye dohani nne? Haya, tuitaje. Ilizimwa mwaka 1983. Ikakaa miaka 39, mara wanataka kuifanya uwanja wa michezo, mara hili, mara lile, paa likaondolewa, mvua ikanyesha ndani. Mwaka 2022 ikafunguliwa, inang'aa, maduka ya fahari, ofisi za kampuni ya Apple, na nyumba za kuishi. Palikuwa na ahadi ya nyumba 636 za bei nafuu. Mwaka 2017 wajenzi wakaruhusiwa kuzipunguza hadi 386, kwa sababu gharama zimepanda. Gharama zikipanda hupunguzwa nani? Mwajua. Na jambo moja la pembeni ambalo lilituchekesha na kutuuma pamoja: mmoja wa wenye mali ile ni mfuko wa akiba ya uzeeni ya wafanyi kazi wa Malaysia. Fedha za wafanyi kazi wa nchi moja zinajenga nyumba ambazo mfanyi kazi wa nchi nyingine hawezi kupanga. Ndugu wanaopenda kuuliza maswali juu ya fedha zetu za NSSF, tafadhali liwekeni hilo akilini.

Turudi nyumbani. Halmashauri imeketi mara tatu juu ya jambo hili, na hatukukubaliana katika kila kitu. Wenzetu wengine waona kwamba kuanza kuzungumza juu ya kufungwa ni kumkaribisha mchawi. Tajiri akisikia atadhani tumekwisha kukubali. Twaielewa hofu hiyo. Lakini twatazama Komati na Tonawanda, na twaona kwamba nguvu ya chama iko wakati mashine inazunguka na tajiri anaihitaji stima ya jioni. Mtambo ukizimwa, mgomo wako utamzuia nani?

Kwa hiyo twataka mapatano ya maandishi sasa, wakati moshi ungali ukitoka. Twataka tuonyeshwe mkataba wa kuuza stima wa kila mtambo unakwisha mwaka gani, maana siku ile ndiyo siku ya hatari. Twataka kazi ya kuvunja na kusafisha ipewe kwanza watu wa mtambo, pamoja na vifaa vya kujikinga. Twataka kiwanja kisiuzwe wala kukodishwa kabla watu wa mahali hawajaulizwa. Na hilo la kuulizwa si ombi la hisani. Ruhusa ya Lamu ilifutwa kwa sababu watu hawakushirikishwa ipasavyo wakati wa kuamua kujenga. Ikiwa ni lazima kuwauliza watu kabla ya kuwasha, sisi twasema ni lazima vile vile kabla ya kuzima.

Kuhusu mafunzo, twasema kwa uangalifu. Kioo cha jua hakina haja ya mtu wa kukilisha makaa. Wakati wa kujenga huhitaji mikono mingi, na kikisha kujengwa huhitaji wachache wa kukifuta vumbi na kutazama mita. Kwa hiyo yeyote atakayewaahidi kwamba kila mtu wa boila atakuwa fundi wa jua, mwombeni atoe hesabu. Ndiyo maana kiwanja lazima kiwe na kazi za namna nyingi: karakana, chuo, maghala ya baridi ya samaki na mboga, soko. Akina mama wa langoni, nyinyi mwajua kuliko sisi ni watu wangapi wanaolishwa na lango moja.

Sasa neno la vibarua, ambalo ndilo lililotufanya tuite mkutano huu. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 40, yasema kwamba kabla ya kupunguza watu, mwajiri hana budi kukiarifu chama na ofisa wa kazi mwezi mmoja mbele, na kumlipa anayeondoka mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka aliofanya kazi. Watu wengi mwakijua kifungu hicho. Msichokijua wengi ni kifungu cha 37: kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja, au aliyepewa kazi isiyoweza kwisha kabla ya miezi mitatu, huhesabiwa kuwa mtu wa mkataba wa mwezi, ingawa analipwa kwa siku. Tunao humu ndani watu wanaoitwa vibarua mwaka wa sita huu. Lakini haki hiyo yataka ushahidi. Siku ya kufungwa, mkandarasi atasema hamjui mtu, na daftari la langoni litakuwa limepotea. Hapo ndipo wale wa Komati walipokwama: hawakuwa katika orodha ya mtu yeyote.

Basi kuanzia Jumatatu ijayo kila idara itaandika orodha yake. Jina, namba ya kitambulisho, jina la mkandarasi, mwezi na mwaka wa kuanza, na kazi anayofanya. Karatasi yoyote inafaa, risiti ya malipo, ujumbe wa malipo katika simu, kipande cha kupitia langoni hata kama kimechakaa. Msimamizi wa idara aliye mwanachama asiwaachie vibarua wenyewe wajiandike, maana wengine wanaogopa kuonekana na kalamu. Aende kwao wakati wa chakula. Nakala moja ibaki kwa katibu, moja kwa mweka hazina, na moja itoke nje ya lango. Akina mama nao waandikwe, jina na idadi ya miaka waliyouza pale, ingawa sheria hiyo haiwataji.

Karani amekwisha kuchapa karatasi tupu za kutosha idara nne. Idara ya matengenezo mtangoje hadi Jumatano, mashine ya kunakili imeishiwa wino.